Mama mkwe anataka mwanangu aitwe Kijakazi

Shikamoo Mshauri,

Nina mimba ya miezi saba na kipimo kimeonyesha ni mtoto wa kike. Naishi Kirumba hapa Mwanza. Mimi ni Mkerewe, mume wangu ni Mpemba. Wazazi wake walihama kutoka Wete na kufuata biashara ya dagaa hapa Mwaloni. Mama mkwe ameshatangaza kwamba mjukuu atachukua jina la marehemu bibi yao, Bi Kijakazi, aliyezaliwa Pemba miaka ya 1930. Kwao humtaja kwa heshima kubwa, na sina neno na bibi wa watu. Neno ninalo na jina.

Mama yangu amenikumbusha kuwa Hajiri kwenye Biblia ameitwa mjakazi, yaani mtumwa. Wifi yangu anasema nisikuze mambo, maana ya jina ni "aliyekuja kufanya kazi", kwa hiyo ni sifa ya mwanamke mchapakazi. Jirani naye kaniambia zamani hilo lilikuwa jina la wanawake wanaojiuza. Mume wangu anataka amani: anasema kama silitaki liwe la kwanza, tuliweke katikati kwenye cheti, yaishe.

Naomba unieleze neno hili limetoka wapi na lilimaanisha nini hasa. Kama ni la kudharau, ilikuwaje mzazi ampe bintiye? Na nifanyeje ili nisionekane naidharau asili ya wakwe zangu?

Mama Kijacho, Kirumba

*

Marahaba, Mama Kijacho, na Mungu akujalie ujifungue salama.

Katika hao watatu, mama yako ndiye aliye karibu na ukweli. Wifi yako amekosea, ingawa kosa lake ni la watu wengi. Jirani amekosea moja kwa moja, kwa hiyo tuanze naye.

Kiswahili cha pwani kilikuwa na msamiati mpana wa utumwa, na kila neno lilikuwa na mtu wake. Mtumwa lilikuwa jina la jumla. Mwanamume aliyemilikiwa ni mtwana, mwanamke ni mjakazi. Wakiwa wadogo, mvulana ni kitwana na msichana ni kijakazi. Aliyezaliwa hukuhuku pwani na wazazi watumwa aliitwa mzalia. Aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za mji, aliitwa mjinga, na ndiyo maana neno hilo leo limebaki tusi hata kwa mtu aliyesoma. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaa na bwana huyo alizaliwa huru, na mama mwenyewe aliachwa huru bwana akifa. Watoto wa Sultani Said bin Sultan wa Unguja walizaliwa na masuria, akiwemo Sayyida Salme aliyezaliwa mwaka 1844. Kahaba ni neno jingine kabisa, lenye asili ya Kiarabu, na halina undugu na mjakazi kwa sauti wala kwa maana. Jirani amechanganya kwa sababu mjakazi hakuwa na uwezo wa kumkatalia bwana wake mwili wake. Huo ni ukweli mchungu wa hali yake, ila haukuwa biashara yake, na neno halikumwita hivyo.

Sasa wifi. Anagawanya neno vizuri, mja na kazi, kisha anaisoma sehemu ya pili kwa Kiswahili cha leo. Hiyo -kazi si kazi ya jasho. Ni shina la kale la Kibantu lenye maana ya mwanamke, na wewe Mkerewe ndiye uliyepaswa kumfundisha, kwa sababu nyumbani kwenu mwanamke ni omukazi. Wahaya husema omukazi, Waganda ng'ambo ya ziwa husema mukazi. Nenda mpaka kusini kabisa mwa Afrika: Wazulu wana inkosi, mtawala, na inkosikazi, mke wa mtawala, mama wa mfalme kule Eswatini cheo chake ni Indlovukazi, yaani tembo jike. Tazama shina lilivyobandikwa mwishoni mwa jina ili kuonyesha jinsia ya kike. Mja-kazi limejengwa hivyohivyo: mja wa kike.

Kiswahili chenyewe hakijalisahau shina hilo, kimelificha tu kwenye majina ya ukoo. Mke wa mwana ni mkazamwana, mke wa mjomba ni mkazamjomba. Wewe kwa mama mkwe wako ni mkazamwana, na hakuna anayesikia kazi ya kufua wala kupika ndani yake (ingawa baadhi ya mama wakwe husikia). Usichanganye na mkazi wa Mwanza; huyo ametoka kwenye kukaa.

Wifi akikubishia, mpe hoja mbili zisizohitaji kamusi. Ya kwanza: ingekuwa ni kuja kufanya kazi, mtwana naye angeitwa mjakazi, maana mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba hayakuchagua mume wala mke. Lakini neno halikuwahi kumgusa mwanamume. Ya pili ni sarufi. Tunasema mfanyakazi na mchapakazi kwa kuwa kazi inafanywa, kazi inachapwa. Kazi haijiwi. Anayekuja, huja kwa kazi au huja kazini.

Mja nalo lina pande mbili. Upo mja wa kuja, kama katika ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, na katika mja na maji, yaani mgeni aliyeletwa na bahari. Upo pia mja mwenye maana ya mtumwa au mtumishi, anayesikika kila siku misikitini: mja wa Mungu, sisi waja wake. Kwa hiyo wifi asivunjike moyo kabisa. Kuja kunaweza kupata nafasi upande wa mbele wa neno, maana mtumwa wa pwani mara nyingi alikuwa mtu wa kuletwa. Kilichomponyoka ni upande wa nyuma.

Angalia basi dharau imekaa wapi. Haiko kwenye -kazi, kwa kuwa hiyo ni mwanamke tu, asiye na hatia wala cheo. Waganda walipotaka kumtaja mwanamke mtumwa walikuwa na neno lake mbali, muzaana, wakamwacha mukazi awe mwanamke yeyote. Haiko kwenye mja peke yake pia, kwani Abdallah ni mja wa Mungu na watu huwapa watoto jina hilo kwa fahari. Hata Amatullah, mjakazi wa Mungu, ni jina la heshima la kike. Dharau iko kwenye swali ambalo Kijakazi linaliacha wazi: wa nani? Abdallah amemtaja bwana wake na hakuna mkubwa kuliko huyo. Kijakazi hamtaji, na katika historia bwana huyo alikuwa jirani mwenye shamba. Halafu kuna ki-. Kwanza ilionyesha umri tu, kama kijana na kitoto, lakini ki- hiyohiyo ndiyo ya kijitu na kizee. Mwanamke wa miaka arubaini aliyeitwa kijakazi alikuwa anapunguzwa mara mbili, kwa kumilikiwa na kwa kufanywa mtoto.

Mama yako ameligusa upande wa maandiko. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, Hajiri ni mjakazi wa Sarai, na Mariamu katika utenzi wake anasema Bwana ameutazama unyonge wa mjakazi wake. Wa kwanza ana bibi mwanadamu, wa pili ana Mungu. Neno ni lile, uzito tofauti. Na bado Wakatoliki katika sala ya Malaika wa Bwana husema "ndimi mtumishi wa Bwana". Wafasiri wengi wa karibuni nao wamependelea mtumishi, kwa sababu mjakazi limechakaa na msikilizaji wa leo hulisikia kama dharau kabla hajafika kwenye unyenyekevu.

Umeuliza ilikuwaje mzazi ampe bintiye. Hapa fanya hesabu ya miaka kabla hujamhukumu mtu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, ingawa mtu alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1922. Bi Kijakazi amezaliwa miaka ya 1930. Hakuwa mjakazi wa mtu. Jina lake, basi, halikuwa hadhi yake.

Linabaki na njia mbili. Moja ni kurithi: alipewa jina la bibi aliyemtangulia, ambaye huenda ndiye aliyeishi hali hiyo. Ya pili ni jina la kinga. Mama aliyezika watoto wawili watatu mfululizo alimpa anayefuata jina la chini, Mtumwa, Kijakazi, Mashaka, Taabu, ili jicho baya na husuda vimpite, vione hapa hakuna cha kutamani. Jina baya lilikuwa hirizi, na mzazi aliyelitoa alikuwa anamlilia mtoto abaki. Ukilisoma kwa macho ya simu yako utaona tusi. Ukiwauliza wazee wa Wete waliojua kisa chake unaweza kusikia habari ya makaburi madogo.

Wanaume wamepona kwa bahati. Kitwana ni ndugu pacha wa Kijakazi, lakini Kitwana Kondo aliwahi kuwa Meya wa Dar es Salaam na hakuna aliyeshtuka. Sababu ni kwamba mtwana limekufa masikioni mwa watu, ilhali mjakazi linasomwa kila mwaka kanisani, limo katika tafsiri za Kurani na halitoki kwenye kamusi. Mtoto wako akisoma shule ya hapa Mwanza, atakutana na maana ya jina lake darasani mbele ya wenzake, na nyanya wa Wete hatakuwepo kumweleza habari ya kinga. Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni huu: usiliandike kwenye cheti. Mngekuwa mnaishi Pemba, ambako jina linajulikana kuwa ni jina na si tusi, ningesema vingine.

Suluhisho la mume wako la kuliweka katikati lina nia njema, ila halitafanya kazi. Majina yetu huandikwa matatu: la mtoto, la baba, la ukoo au la babu. Nafasi ya katikati ni ya baba. Ukiiweka Kijakazi hapo, ama jina la baba linasukumwa mwisho na la ukoo linatoka, ama mtoto anakuwa na majina manne. Matatizo huja baadaye: shule inaandika matatu, kitambulisho cha taifa kinataka yaliyo kwenye cheti, vyeti vya mitihani vina mpangilio mwingine, na mtu mzima anaanza kuzunguka na viapo. Kurekebisha kukishafika huko ni kwa hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha kubadilisha nyaraka moja baada ya nyingine.

Kuna njia ya kumheshimu bibi bila kumbebesha mtoto. Pwani, anayepewa jina lako ni somo wako, na hicho ndicho mama mkwe anachokitaka hasa: mjukuu awe somo wa Bi Kijakazi. Sasa, wanawake waliopewa majina ya kinga mara nyingi walikuwa na jina la pili, la Kiislamu, lililotumika kwenye ndoa au lililojulikana na wazee tu. Ulizeni hilo. Likiwa Mwanaidi, Fatma au Asha, mtoto akiitwa hivyo ni somo kamili, hakuna aliyedhulumiwa. Hii ndiyo njia ninayoitanguliza.

Kama jina la pili halipo, pendekezeni Siti. Mwimbaji mkubwa wa taarabu, Siti binti Saad wa Fumba, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Alipofika mjini Unguja na kipaji chake kikaonekana ndipo akapewa jina la Siti, yaani bibi mheshimiwa, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa jina hilo. Hakuna Mpemba wala Muunguja atakayekuambia Siti ni jina la kukana asili. Ni jina ambalo pwani yenyewe ililichagua kufunika lile la kwanza. Wanawake wa enzi hizo walifanya hivyo hata kwa mavazi: waliokuwa wajakazi walivua kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha, wakajitanda kanga kama waungwana.

Namna ya kulisema ni muhimu kuliko hoja zote hizi. Usilipeleke wewe. Mkazamwana akibishana na mama mkwe juu ya jina la marehemu, hata akiwa na haki atasimuliwa miaka. Zungumza kwanza na mume wako mkiwa wawili, mkubaliane neno moja, kisha yeye aende kwa mama yake, ikiwezekana akiwepo shangazi au mzee mmoja aliyemfahamu marehemu. Neno utumwa lisitajwe kabisa. Pwani, kugusia kwamba ukoo fulani una asili ya utumwa ni tusi zito kuliko jina lenyewe, na mkianza hivyo mazungumzo yatahama kutoka kwa mtoto kwenda kwa babu wa babu. Simu yenye maelezo ya mtandaoni ibaki mfukoni. Aanze kwa kuuliza: "Mama, tunataka mtoto awe somo wa bibi. Bibi alipewaje jina lile, na jina lake la ndoa lilikuwa lipi?" Kisha anyamaze asikilize. Kisa cha jina kikishasimuliwa na wenyewe, mara nyingi ndio wanaosema wenyewe kwamba kinga ile kazi yake imekwisha.

Wakishikilia, mume wako anayo hoja ya dini, aitumie kwa upole. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume alimbadilishia jina binti wa Umar aliyeitwa Asiya, lenye maana ya mwasi, akamwita Jamila. Na katika Bukhari na Muslim imo hadithi inayokataza mtu kusema "mtumwa wangu, mjakazi wangu". Aseme kijana wangu, binti yangu. Hoja hiyo isitoke kinywani mwako, itoke kwa mwanawe. Na itolewe kabla ya siku ya saba, siku ya akika, maana jina likishatajwa mbele ya watu kulirudisha ni fedheha kwa mama mkwe.

Mama mkwe akitaka kumwita mjukuu Kijakazi akiwa amempakata nyumbani, mwache. Jina la nyumbani halina cheti, na kinywani mwa nyanya aliyempenda mwenye jina litabaki tamu. Mama yako naye mwambie asilitupie Hajiri kila likitajwa. Mwonyeshe kwamba nusu ya neno hilo ni omukazi wake mwenyewe.

La mwisho ni karatasi. Ukijifungulia hospitali na jina bado halijakamilika, waombe waandike "mtoto wa" likifuatiwa na jina lako, usishinikizwe kutaja jina la muda, kwa kuwa jina la muda kwenye kadi ya kliniki lina tabia ya kuhamia kwenye cheti. Watoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, ukiwa na tangazo la uzazi au kadi ya kliniki. Nendeni mkiwa mmekubaliana, mkiwa mmeandika majina matatu kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi. Cheti hicho hujazwa kwa mkono. Hakikisha tahajia ya kadi na ya cheti ni moja, Siti isigeuke Sitti wala Fatma isigeuke Fatuma, na usome herufi moja moja kabla muhuri haujagongwa.